Ukimkuta mhudumu wa kiume kwenye uchunguzi wa saratani: haki zako na la kufanya

Miongoni mwa maswali ambayo akina mama wa Kisiwani huwa nayo kuhusu uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi, lipo moja ambalo huulizwa kwa sauti ya chini: nikifika nikamkuta mwanamume, nifanyeje?

Wako wanaoliuliza kwa muuguzi kabla ya kuingia chumbani. Wako wasioliuliza kabisa. Hao wakiona anayewaita ni mwanamume, huchukua kadi zao na kuondoka taratibu, na huenda wasirudi mwaka huo wala mwaka unaofuata. Makala haya yameandikwa kwa ajili ya makundi yote mawili. Yanaeleza kinachofanyika katika uchunguzi, sheria inakupa haki gani, wanazuoni wamesema nini, na hatua unazoweza kuchukua kabla ya kuamua kurudi nyumbani bila kupimwa.

Jibu kwa ufupi ni hili. Una haki ya kuomba mhudumu wa kike, na kuomba hivyo si utovu wa adabu wala si kumtukana yeyote. Asipopatikana siku hiyo, unaweza kusubiri siku chache au kwenda kituo kingine. Lakini kama una dalili za ugonjwa, usisubiri. Na ukikubali kuhudumiwa na mwanamume, una haki ya kuweka masharti yanayokulinda.

Kwa nini jambo hili lina uzito

Saratani ya mlango wa kizazi ni ya pili kwa wingi miongoni mwa wanawake wa Kenya, baada ya saratani ya matiti, lakini ndiyo inayoongoza kwa vifo. Kwa makadirio ya kimataifa ya mwaka 2022, wanawake wapatao 5,800 hugunduliwa kuwa nayo nchini kila mwaka, na zaidi ya 3,500 hufariki. Ukigawanya kwa siku, ni wanawake tisa au kumi wanaozikwa kila siku.

Kinachoumiza zaidi ni kuwa ugonjwa huu hutangulizwa na onyo la muda mrefu. Karibu visa vyote husababishwa na virusi vya HPV, ambavyo huambukizwa kwa kujamiiana. Watu wengi waliowahi kujamiiana hukutana na virusi hivi wakati fulani, na mara nyingi mwili huviondoa wenyewe. Visipoondoka, hubadilisha chembe za mlango wa kizazi pole pole. Kwa mwanamke mwenye kinga nzuri, mabadiliko hayo huchukua miaka 15 hadi 20 kuwa saratani. Kwa mwenye kinga dhaifu, kama vile anayeishi na virusi vya UKIMWI bila matibabu, yaweza kuchukua miaka 5 hadi 10.

Katika miaka hiyo yote mwanamke hasikii maumivu. Hajui lolote. Lakini anayemchunguza anaweza kuyaona mabadiliko hayo na kuyaondoa kwa matibabu mafupi, saratani isitokee. Ndiyo maana uchunguzi ni kwa mwanamke anayejiona mzima.

Hata hivyo wengi hawajapimwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kuwa ni takriban wanawake 16 tu kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 30 hadi 49 waliokuwa wamewahi kuchunguzwa. Sababu ni nyingi: nauli, foleni, hofu ya majibu, kutojua. Haya ni mojawapo, na katika mitaa kama Kibokoni, Kuze, Makadara na Bondeni, ambako stara ni sehemu ya malezi ya mtoto wa kike, haya haiwezi kupuuzwa.

Kinachofanyika chumbani

Hofu nyingi hutokana na kutojua. Tueleze wazi.

Mwongozo wa kitaifa wa uchunguzi wa saratani wa mwaka 2018 unawalenga hasa wanawake wa miaka 25 hadi 49. Wanaoishi na virusi vya UKIMWI huanza mapema na hupimwa mara nyingi zaidi. Vipimo ni vya aina tatu.

Cha kwanza ni kuangalia kwa macho. Unalala kitandani, mhudumu anaingiza ukeni kifaa kinachopanua njia ili auone mlango wa kizazi, kisha anaupaka dawa inayofanana na siki iliyozimuliwa na kusubiri kama dakika moja. Sehemu iliyobadilika huwa nyeupe. Majibu unayapata papo hapo.

Cha pili ni kipimo cha Pap. Kifaa ni kile kile, ila hapa mhudumu anachukua chembe kwa kijiti laini na kuzipeleka maabara.

Cha tatu ni kipimo cha virusi vya HPV vyenyewe. Majimaji ya ukeni huchukuliwa kwa kijiti chenye pamba na kupimwa kwa mashine. Kwa mwanamke wa miaka 30 hadi 49, mwongozo unapendelea kipimo hiki, na majibu yakiwa mazuri hurudiwa baada ya miaka 5. Tutakirudia mbele, kwa sababu kina faida kubwa kwa mwenye haya.

Katika vyote vitatu, huhitaji kuvua nguo zote. Ukivaa dera au buibui, unavua nguo ya ndani tu na kujifunika leso kuanzia kiunoni. Beba leso yako mwenyewe ukipenda. Shughuli yote kitandani ni ya dakika chache. Huenda usiwe na raha, lakini haipaswi kuwa na maumivu makali. Ukisikia maumivu, sema, na mhudumu atasita.

Jiandae kwa kuepuka siku za hedhi, kutojiosha ndani kwa dawa, na kutojamiiana kwa siku moja au mbili kabla. Ukiwa katika mwezi wa Ramadhani na una wasiwasi kuhusu swaumu yako, chagua siku baada ya Idi. Uchunguzi wa mtu asiye na dalili unaweza kusubiri wiki hizo.

Kwa nini wanaume wako hapo

Wauguzi wengi nchini ni wanawake, na katika zahanati na vituo vya afya uchunguzi huu mara nyingi hufanywa na wauguzi. Kwa hiyo uwezekano wa kumkuta mwanamke ni mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Lakini miongoni mwa maafisa wa kliniki, na hasa miongoni mwa madaktari bingwa wa magonjwa ya wanawake, wanaume bado ni wengi. Kadiri unavyopanda kutoka zahanati ya mtaa kwenda hospitali ya rufaa, ndivyo uwezekano wa kumkuta mwanamume unavyoongezeka.

Wengine huuliza kwa nini serikali isiweke wanawake watupu katika vyumba hivi. Kifungu cha 27 cha Katiba kinakataza ubaguzi wa kijinsia, kwa wahudumu pia. Muuguzi wa kiume amesomea kazi ile ile, amefanya mtihani ule ule na ana leseni ile ile. Kinachowezekana, na ambacho msimamizi wa kituo anaweza kukipanga, ni zamu: kuhakikisha kuwa katika siku za uchunguzi yuko mhudumu wa kike aliyefunzwa, au walau mwanamke wa kukaa chumbani na mgonjwa.

Sheria inakupa nini

Katiba ya Kenya ya 2010 inalinda utu wako katika kifungu cha 28, faragha yako katika kifungu cha 31, na uhuru wa dini na dhamiri katika kifungu cha 32. Kifungu cha 43 kinakupa haki ya huduma za afya, ikiwemo afya ya uzazi.

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inasema kila mtu ana haki ya kuhudumiwa kwa heshima na kulindiwa faragha. Inataka uelezwe hali yako na huduma unayopewa kwa lugha unayoielewa, na inakataza kupewa huduma bila ridhaa yako, isipokuwa katika hali chache maalumu kama dharura. Ridhaa hiyo ni yako. Mwanamke mtu mzima hahitaji sahihi ya mume wala ya baba ili apimwe. Na ukishakubali, bado unaweza kubadili nia, hata ukiwa umeshapanda kitandani.

Hati ya Kitaifa ya Haki za Wagonjwa ya mwaka 2013 inaongeza haki ya kuchagua mhudumu, kupata maoni ya mtaalamu wa pili, kukataa matibabu na kulalamika.

Tuwe wakweli pia kuhusu mipaka. Hakuna sheria inayoahidi kuwa mhudumu wa kike atapatikana katika kila kituo, kila saa. Haki yako ni kuomba, kusikilizwa kwa heshima, kuelezwa lini au wapi utampata, na kutolazimishwa. Mhudumu akikujibu kwa kejeli au akakwambia kwa ukali upande kitandani au uende zako, hapo amekosea.

Dini na stara

Kwa wakaazi wengi wa Mji wa Kale swali hili ni la dini kabla ya kuwa la sheria. Jarida hili halitoi fatwa, lakini ni vyema msomaji ajue kuwa suala hili limeshajadiliwa na wanazuoni wakubwa.

Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha nane kilichofanyika Brunei mwezi Juni 1993, lilitoa azimio kuhusu mwanamume kumtibu mwanamke. Liliweka mpangilio. Asili ni mwanamke kuchunguzwa na daktari wa kike Mwislamu mwenye ujuzi. Asipopatikana, daktari wa kike asiye Mwislamu anayeaminika. Asipopatikana, daktari wa kiume Mwislamu. Na huyo naye asipopatikana, daktari wa kiume asiye Mwislamu. Azimio likaweka masharti: daktari aone kiasi kile tu kinachohitajika, ajizuie kadiri awezavyo, na awepo maharimu, mume, au mwanamke anayeaminika ili pasiwe na faragha ya wawili.

Ukiusoma mpangilio huo vizuri, utaona una sehemu mbili. Unamtaka mwanamke atafute kwanza wa jinsia yake. Lakini haumwambii kuwa asipompata akae na ugonjwa wake. Mlango umeachwa wazi kwa masharti, na masharti yenyewe yanakaribiana sana na yale yanayotakiwa na maadili ya udaktari. Mwenye shaka zaidi na amuulize sheikh au ustadha anayemwamini. Waumini wa dini nyingine, ambao nao wana haya na miiko yao, wanaweza kuwauliza viongozi wao vivyo hivyo.

Wazee wetu nao walilijua hili. Waliposema mficha uchi hazai, hawakumaanisha kuwa stara haina thamani. Walimaanisha kuwa kuna saa ambayo mwenye kuhitaji msaada hufunuliwa na mwenye kuujua msaada huo, kwa kiasi chake, kisha stara hurudi mahali pake.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi sana. Mji wa Kale ni mahali watu wanajuana. Wapo wanawake ambao kinachowatia hofu si mwanamume. Ni yule muuguzi wa kike ambaye ni jirani, au wifi wa rafiki, ambaye watakutana naye harusini Ijumaa. Mwanamke kama huyo huenda akaona afadhali mgeni wa kiume kuliko mwanamke anayemjua. Naye pia yuko katika haki yake. Sheria ya Afya inamfunga kila mhudumu kutunza siri ya mgonjwa. Na kama bado huna utulivu, unaweza kupimwa katika kituo kilicho mbali na mtaa wako. Kwa anayeishi Kibokoni, kwenda Tudor au kuvuka kwenda Likoni ni nauli ndogo ukilinganisha na kutopimwa kabisa.

Uchunguzi unaweza kusubiri, dalili haziwezi

Hapa ndipo wengi huchanganya mambo mawili.

Kama huna dalili yoyote na umekuja kwa uchunguzi wa kawaida, kusubiri wiki moja, hata mwezi, ili umpate mhudumu wa kike hakutakudhuru. Ugonjwa huu hutembea kwa miaka. Omba tarehe, iandike, urudi. Hatari iko katika ule mwezi mmoja unaogeuka kuwa miaka mitano bila wewe kutambua.

Lakini kama unatokwa na damu baada ya kujamiiana, au kati ya hedhi na hedhi, au baada ya hedhi kukoma kwa umri. Kama una uchafu wenye harufu mbaya usiokoma, maumivu ya nyonga yasiyoisha, au uvimbe katika titi, huo si uchunguzi wa kawaida tena. Huo ni ugonjwa unaotafuta jina. Muone mhudumu aliyepo. Ukitoka damu nyingi au ukiwa mjamzito mwenye matatizo, ni dharura, na Katiba inasema hakuna anayeweza kunyimwa matibabu ya dharura. Usipoteze saa ukichagua.

Hatua za kuchukua kabla ya kurudi nyumbani

Kwanza, uliza mapema. Kabla ya siku yenyewe, pita mapokezi au mtume mtu akuulizie: ni siku gani na saa ngapi muuguzi wa kike anayefanya uchunguzi yuko zamu? Swali hilo la dakika moja huondoa nusu ya tatizo.

Pili, sema ukifika. Huhitaji kueleza sababu. Inatosha kusema, "Naomba nihudumiwe na mwanamke, tafadhali." Mwambie muuguzi wa mapokezi, usingoje mpaka umeitwa chumbani.

Tatu, omba tarehe au rufaa. Ikiwa hayupo leo, uliza yupo lini. Ikiwa hayupo kabisa, uliza ni kituo gani cha karibu anapatikana. Katika Kisiwa kuna zahanati, vituo vya afya, Hospitali ya Tudor na Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Pwani, yaani Coast General. Si lazima upimwe pale pale ulipoanzia.

Nne, uliza kuhusu kujichukulia sampuli mwenyewe. Kwa kipimo cha HPV, mwanamke anaweza kupewa kijiti, akaingia chumba cha faragha au msalani, akajichukulia sampuli kwa maelekezo, akairudisha ikiwa imefungwa. Hakuna anayemwona. Shirika la Afya Duniani linaikubali njia hii, na mwongozo wa Kenya wa 2018 unairuhusu. Sampuli aliyojichukulia mwanamke, ikipimwa kwa mashine zinazofaa, huaminika sawa na ile iliyochukuliwa na mhudumu. Baadhi ya mashine zinazopima kifua kikuu zinaweza pia kupima HPV. Si kila kituo kina vifaa vyake kila siku, kwa hiyo uliza kwanza. Na ujue jambo moja: majibu yakionyesha una virusi, utahitajika kuangaliwa na mhudumu. Lakini idadi kubwa ya wanawake hupata majibu mazuri, na kwao safari huishia hapo hadi miaka 5 ipite.

Tano, uliza nani atakutibu. Vituo vingi hujaribu kuchunguza na kutibu siku moja. Mabadiliko yakionekana, huondolewa kwa kuchomwa kwa joto au kugandishwa, kazi ya dakika chache. Ukijua mapema atakayefanya ni nani, hutashtukizwa ukiwa kitandani.

Ukikubali mwanamume, weka masharti

Kumkubali mhudumu wa kiume hakumaanishi umesalimisha kila kitu. Yafuatayo ni stahili yako, na mhudumu mzuri atakupa hata kabla hujaomba.

Awepo mwanamke wa pili chumbani. Anaweza kuwa muuguzi, na anaweza kuwa mtu wako: dada, mama, rafiki, mume wako ukipenda, au hata somo wako. Mswahili hakumwacha bi harusi aingie katika jambo la faragha peke yake bila mtu mzima wa kike wa kumwelekeza; huu ni mwendelezo wa desturi hiyo hiyo. Mhudumu wa kiume mwenyewe hufaidika, kwa kuwa naye hulindwa dhidi ya kudhaniwa vibaya.

Ajitambulishe kwa jina na kazi yake. Unaweza kuuliza kama amesajiliwa. Wauguzi husajiliwa na Baraza la Wauguzi, maafisa wa kliniki na baraza lao, na madaktari na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno.

Aeleze kila hatua kabla ya kuifanya. Atoke, au avute pazia, unapovua na unapovaa. Avae glavu. Mlango ufungwe ili wengine wasiingie, lakini usitiwe kufuli kwa namna ambayo wewe huwezi kutoka. Ufunuliwe sehemu inayohitajika tu. Na ukisema "basi", aache.

Katika vituo vingine mlango wa kizazi hupigwa picha ili mtaalamu mwingine auangalie. Ni njia inayotambulika, lakini uombwe ruhusa kwanza na uelezwe picha itakwenda wapi. Picha inayopigwa bila kuambiwa haikubaliki.

Mpaka ukivukwa

Wahudumu wengi, wa kiume kwa wa kike, hufanya kazi yao kwa uadilifu. Lakini mwanamke anapaswa kujua dalili za kazi isiyo halali: kuguswa matiti wakati ulikuja kwa kipimo cha mlango wa kizazi na hukuelezwa sababu, kuguswa bila glavu, maswali au mzaha kuhusu mwili wako au mapenzi yako yasiyohusiana na afya, kuombwa namba ya simu kwa mambo ya nje ya huduma, au kukataliwa kuingia na mwenzako bila sababu ya maana.

Likitokea hilo, ondoka. Mwambie msimamizi wa kituo au ofisi ya malalamiko ya hospitali, kisha Idara ya Afya ya Kaunti. Unaweza pia kuandikia baraza la taaluma lililomsajili mhudumu huyo, au Tume ya Haki za Utawala. Kama umedhulumiwa kijinsia, hilo si suala la nidhamu ya kazi peke yake. Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya mwaka 2006 inamtaja waziwazi mfanyakazi wa hospitali anayetumia nafasi yake kutenda kosa hilo. Nenda polisi, na unaweza kupiga simu ya bure 1195 kwa msaada saa yoyote. Malalamiko hayo yanafuata njia ile ile hata kama aliyekukosea ni mhudumu wa kike, kwa maana ukali na dharau havina jinsia.

Neno kwa waume, mama wakwe na wahudumu

Waume: wake wengi husubiri neno lenu hata kama sheria haiwalazimu. Mume anayesema "mke wangu hataguswa na mwanamume" na akaishia hapo, amemwachia mke mzigo. Anayesema hivyo na kisha akaenda mwenyewe kuuliza siku ya muuguzi wa kike, akatoa nauli na akakaa na watoto, amelinda stara na uhai pamoja. Mnaweza pia kumsindikiza.

Mama wakwe na makungwi: nyinyi mna nafasi ya kuongea ambayo afisa wa afya hana. Msichana anayefundwa kuhusu ndoa anaweza pia kuambiwa kuwa akifika miaka 25 ana kipimo cha kufanya, na kwamba si aibu. Mjue pia kuwa majibu ya kuwa na HPV si ushahidi wa uzinzi. Virusi hivi huweza kukaa mwilini miaka mingi kimya, na havisemi viliingia lini wala kupitia nani.

Wahudumu: mwanamke anayeomba mwenzake wa kike hakudharau taaluma yako. Mjibu vizuri, mpe tarehe na jina la wa kumuuliza. Ukimkasirikia, hatarudi, na jirani zake kumi wataisikia habari yake kabla ya magharibi.

Kwa mabinti, mlango mwingine uko wazi

Chanjo ya HPV ilizinduliwa kitaifa hapa hapa Mombasa mwezi Oktoba 2019. Hutolewa bila malipo kwa wasichana wa miaka 10 hadi 14, na hudungwa mkononi. Hakuna cha kuvua. Huzuia aina za virusi 16 na 18, ambazo husababisha takriban saratani 7 kati ya 10 za mlango wa kizazi. Kwa kuwa haizuii aina zote, binti aliyechanjwa naye atahitaji kupimwa akifika umri, lakini hatari yake itakuwa ndogo sana. Mzazi anayeona uzito wa binti yake kuja kulala katika kitanda kile ana sababu zaidi ya kumpeleka achanjwe mapema.

Shirika la Afya Duniani limeweka lengo kwamba kufikia mwaka 2030, wasichana 90 kati ya 100 wawe wamechanjwa, wanawake 70 kati ya 100 wawe wamepimwa, na 90 kati ya 100 wenye ugonjwa wawe wametibiwa. Kenya ni miongoni mwa nchi zilizolikubali lengo hilo.

Kwa hiyo, mkaazi wa Mvita na wa kaunti nzima, kama una miaka 25 au zaidi na hujawahi kupimwa, wiki hii uliza jambo moja tu katika kituo kilicho karibu nawe: muuguzi wa kike wa uchunguzi yuko siku gani? Ukishajua siku, mchukue dada au rafiki, beba leso, kitambulisho na kadi yako ya kliniki, mwende pamoja. Kama bado hujajisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, piga *147# au uombe usaidiwe hapo kituoni, ili ukihitaji matibabu usianze kuhangaika na karatasi. Na ukifika ukamkuta mwanamume, usiondoke kimya kimya. Sema unachotaka, na upewe jibu la lini na wapi utakipata.